Mairi, Mwanamke wa Kwenye Simu ya Gisa

Mwanamke niliyemwonea wivu anaitwa Mairi. Sijawahi kukutana naye. Anaishi kwenye kisiwa kimoja cha Uskoti, ana umri wa kunizaa, na sidhani kama amewahi kusikia jina la Baraka, mji wetu kando ya ziwa. Lakini kila Jumamosi Gisa aliposhuka kutoka Fizi kuja kuniona, alishuka naye, ndani ya simu, kwenye mfuko wa shati.

Mimi naitwa Joselyne Niyokwizera. Nashona nguo kwenye atelye ya Mama Rosette, jirani na soko la Baraka. Wazazi wangu wanaishi Lweba, ambako wamelima muhogo kwenye shamba la kukodi tangu tulipokimbia kutoka Burundi. Tulipofika nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Gisa Mugwaneza ni mwalimu wa jiografia, profesa kama tunavyosema hapa, huko Fizi-Centre, mlimani, na watu wake ni wafugaji wa nyanda za juu.

Tulijuana kwa sababu ya suruali. Ilikuwa imepasuka gotini, akaileta niishone, akakaa kwenye benchi kusubiri. Alitoa simu akaweka muziki. Kwanza kikasikika kitu kama mnyama anayeguna. Mama Rosette akasimamisha mashine yake.

“Nani anachinja mbuzi mu atelye yangu?”

“Si mbuzi, Mama,” Gisa alisema kwa heshima. “Ni cornemuse, zumari ya mufuko. Batu ba Écosse, kule Uskoti, njo banapigaka. Ile sauti ya kwanza ni mufuko unajaa pumzi. Ungoje kidogo, wimbo unakuja.”

Wimbo ukaja. Siwezi kusema niliusikia vizuri, maana nilikuwa namtazama yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho sakafuni, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mwanaume. Ulipokwisha akaniuliza, “Umesikia?”

“Nimesikia,” nilisema. Nilikuwa nimejidunga sindano kidoleni na sikuwa nimeona.

Mwaka mzima alinifundisha muziki wake. Nilijifunza kwamba mfuko ule ni wa ngozi na hukaa chini ya kwapa, kwamba mrija mmoja ndio unaotoa wimbo kwa sauti tisa tu, na kwamba ile mirija mingine hushika sauti moja mwanzo hadi mwisho bila kuiachia. Nilijua kwamba za Ayalandi hazipulizwi kwa mdomo, hujazwa upepo kwa kiwiko. Waimbaji wake aliwataja kama majirani. Kulikuwa na ndugu wawili wa Ayalandi wanaoimba haraka mpaka unashangaa ulimi wao uko wapi. Kulikuwa na mzee Calum, anayesafisha koo kabla ya kila wimbo. “Calum ana kikohozi mwaka huu,” Gisa aliniambia siku moja, kwa huzuni ya kweli. Na kulikuwa na Mairi.

Wale wengine alinisikilizisha akicheka, akinieleza hili na lile. Kwa Mairi alikuwa ananyamaza. Macho yalienda mbali, mkono wangu ukabaki ndani ya mkono wake kama kitu alichosahau kukirudisha. Siku moja nilimuuliza, “Kati yangu na huyu Mairi, tukitumbukia wote mu ziwa, utaokoa nani?”

“Mairi anajua kuogelea,” alijibu. “Amezaliwa mu kisiwa.”

Alikuwa anatania. Mimi nilikwenda nyumbani na jibu lile na halikunitoka.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe.

Baba yangu, Rénovat Ndizeye, alikuwa amejiandikisha kurudi Burundi pamoja na familia yote. Tarehe ilikuwa imetoka: msafara ungeondoka Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tano. Aliponiambia, alikuwa anasafisha jembe, hakuinua kichwa.

“Huyu mwalimu wako, kama anakutaka, akuje na batu yake, nimuone. Kama hapana, jina yako iko kwenye liste ya kurudi pamoja na yetu.”

“Atakuja, Papa.”

“Tutaona.”

Tukakubaliana saa nane mchana, Jumamosi, wiki mbili kasoro siku mbili kabla ya msafara. Mama alipika sombe ya majani ya muhogo na ndagala wa ziwani. Baba alivaa koti lake la ushemasi. Saa nane kasoro dakika tano, baba mdogo wa Gisa, mzee Isidore, alishuka kwenye pikipiki na kreti mbili za limonade zimefungwa nyuma. Peke yake.

“Gisa yuko njiani,” alisema. “Kulikuwa shida kidogo nyumbani.”

Tukakaa. Wakazungumza juu ya mvua iliyokatika mapema. Wakazungumza juu ya muhogo. Saa tisa Mama akarudisha sufuria jikoni. Nilimpigia Gisa simu mara sita. Iliita bila kupokelewa. Saa kumi mzee Isidore alikuwa anasoma maandishi kwenye chupa ya limonade. Majirani wawili, wazee wa kanisa ambao Baba alikuwa amewaita kuwa mashahidi, wakaanza kutazamana.

Gisa alifika saa kumi na nusu. Alikuwa amejaa vumbi, shati jeupe limekuwa rangi ya barabara. Akapiga goti mbele ya Baba.

“Papa, nisamehe.”

“Inuka. Ulikuwa wapi?”

Gisa alimtazama mzee Isidore. Mzee Isidore akatazama chini.

“Nilikuwa nyumbani, Papa.”

“Kulikuwa mugonjwa? Kulikuwa maiti?”

“Hapana, Papa.”

“Basi kulikuwa nini?”

Wakati ule niliamini kwamba Gisa hajui kudanganya. Ndicho kitu nilichompendea, na siku ile ndicho kilichomponza. “Kulikuwa tamasha ya muziki kwenye simu,” alisema. “Mwimbaji mumoja wa Écosse alikuwa anaimba, na inaonyeshwa saa ile ile. Nilibaki mpaka ikaisha.”

Nilisikia kijiko cha Mama kikianguka jikoni. Baba hakupandisha sauti. Baba hajawahi kupandisha sauti maishani mwake, na watu wanaomjua wanajua hilo ndilo la kuogopa.

“Mzee Isidore,” alisema, “we umefika na saa yako, nakushukuru. Muchukue limonade yenu. Tumekuwa bakimbizi hapa miaka yote hii, hatuna kitu, lakini hatujafika mahali pa mutu kutusahau juu ya redio.”

Niliwafuata hadi barabarani. Mzee Isidore akasogea mbali akajifanya anafunga kreti.

“Ni Mairi?” nilimuuliza Gisa.

“Joselyne, sikiliza.”

“Nakuuliza kitu kimoja. Ni Mairi?”

“Ni yeye, lakini si vile unafikiri.”

“Unajua vile nafikiri? Nafikiri Papa alivaa koti tangu saa tano asubui. Nafikiri Mama aliomba sahani nzuri kwa jirani. Nafikiri mi nilikuwa nasimama kwenye dirisha kama mutoto. Na we ulikuwa umekaa Fizi unasikiliza mwanamuke mwingine.”

“Nitakueleza. Si leo.”

“Juu ya nini si leo?”

Akafuta vumbi kwenye shati. Niliona kwamba kulikuwa na kitu, na niliona pia kwamba ameamua kutonipa. Hilo liliniuma kuliko kuchelewa kwake.

“Basi,” nilisema. “Alhamisi ya mwisho wa mwezi nakwenda na bazazi yangu. Ubaki naye.”

Nilirudi ndani bila kugeuka. Niliisikia pikipiki ikiwaka, ikizimika, ikiwaka tena.

Siku tatu zilizofuata nilishona vibaya. Nilishona mkono wa kushoto wa blauzi mahali pa mkono wa kulia, nikafumua, nikarudia kosa lile lile. Jumanne Mama Rosette aliniuliza naimba nini.

“Siimbi kitu.”

“Unaimba. Ile ya muzee wa kikohozi. Unaimbaka ile kila siku, tangu mwaka jana.”

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nampenda mzee Calum na sikuwahi kumwambia Gisa. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kitu kimoja katika muziki ule kiwe changu peke yangu. Nikaendelea kufumua.

Jumatano mchana mwanamke mrefu alisimama mlangoni. Alikuwa amejifunga kikwembe cha kijani, amejishikilia kwenye fremu ya mlango kama mtu ambaye hajazoea joto la chini. Alinitazama, akamtazama Mama Rosette, akanirudia.

“We njo Joselyne?”

“Ndiyo, Mama.”

“Mi njo mama ya Gisa.”

Nilisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Nilimpa changu. Mama Rosette akakumbuka ghafla kwamba lazima aende kuangalia makaa, ingawa hakuna anayepika kwenye atelye.

Jina lake ni Bazubagira. Tulizungumza Kiswahili, na kilipokuwa hakitoshi yeye alitumia lugha ya kwao na mimi Kirundi, maana vinasikilizana.

“Gisa hajue niko hapa,” alisema. “Alikuambia nini juu yangu?”

“Alisema una ugonjwa wa miguu, Mama. Njo maana haushukake Baraka.”

Akaitazama miguu yake. “Miguu iko muzuri. Nimekuja na moto, na kama pikipiki haingekuwa, ningetembea.” Alivuta kikwembe magotini. “Tulikuwa na ng’ombe, mwanangu. Kila moja niliiita jina. Wakati wa kukamua niliimba. Ng’ombe ya kwetu haiachilie maziwa bila wimbo, inakutazama tu. Halafu ng’ombe zikaisha, zote, mwaka mumoja. Bwana yangu naye akafa kabla mwaka haujaisha. Na mi nikanyamaza.”

“Ukanyamaza namna gani?”

“Niliamka asubui, nikafungua kinywa, hapakuwa kitu. Haiko kama sikutaka. Hapakuwa kitu. Nilikaa mu chumba. Gisa alinilisha kwa kijiko kama mutoto. Batu banapita njiani banasema, mama ya profesa ana wazimu. Alileta muchungaji, alinipeleka kwa munganga. Miaka mbili.”

Nilikuwa nimeshika kitambaa na sikujua nimeshika nini.

“Siku moja aliweka muziki yake ile mu nyumba,” aliendelea. “Zumari. Ilianza na ile kuguna. Nikatoka mu chumba, nikamuuliza: nani anaita ng’ombe? Ilikuwa neno yangu ya kwanza. Gisa aliketi chini.”

“Hajaniambia, Mama. Hata neno moja.”

“Najua. Kisha akatafuta zingine, akapata huyu Mairi. Bamama ba kwao nabo banaimbiaka ng’ombe wakati wa kukamua. Luga yake mi siisikie. Lakini nasikia vile mukono unakwenda.” Alinyoosha mikono miwili, akakamua hewa, taratibu, kulia na kushoto. “Nilianza kusema tena, kidogo kidogo. Lakini kuimba, hapana. Mpaka ile Jumamosi.”

“Jumamosi ya kwetu.”

“Ya kwenu. Gisa alikuwa amevaa shati. Moto inamungoja inje. Aliniwekea simu kwenye meza, kusudi nisikilize peke yangu, yeye aende. Nikasema sawa. Mairi akaimba ile ya kukamua, na mi nikaimba. Si wimbo yake. Wimbo yetu. Ya ng’ombe yangu mumoja nyekundu. Niliimba yote. Nilipofika mwisho nikaanza kulia, na sikuweza kuacha. Nilimushika Gisa shati. Angeniacha?”

“Hapana, Mama.”

“Hakuniacha. Na mbele ya baba yako hakutaka kunitoa inje kwa batu. Aliogopa mutasema, mutoto wetu haolewi mu nyumba ya wazimu.”

Nilijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Bazubagira alinitazama bila haraka.

“Nitasema kweli yote,” alisema. “Mi sikukutakaka. Nilitaka bibi ya kwetu, mwenye kujua ng’ombe. Nilimwambia Gisa, huyu wa sindano atakupeleka Burundi, nitabaki na ukuta.”

“Na sasa, Mama?”

“Sasa nimekuja na moto.”

Kisha akasimama, akauliza njia ya Lweba. Nilitaka kumpeleka, akakataa. Alisema maneno yake na Baba si ya kusikilizwa na watoto. Hadi leo sijui walizungumza nini. Najua tu kutoka kwa Mama kwamba alimkuta Baba shambani, kwamba Baba alimpa ndoo aikalie, na kwamba walikaa pale kati ya muhogo mpaka jua likageuka upande wa pili. Alipoondoka, Baba alimsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hamfanyii hata mchungaji.

Siku ya pili Gisa alishuka. Haikuwa Jumamosi, na alikuwa bado na chaki kwenye vidole. Hakuingia atelye, alisimama nje hadi Mama Rosette aliponiambia, “Kwenda, mwanangu. Anazuia bakiriya yangu kuingia.”

Tulitembea hadi ufukweni. Wanawake walikuwa wameanika ndagala, nasi tukapita kando kando tusikanyage.

“Mama aliniambia jana jioni,” alisema. “Alikuja nyumbani amechoka, akaketi, akaniambia: nimekutana na Joselyne. Nilidhani anaota.”

“Ungeniambia, Gisa. Mwaka muzima.”

“Nilitaka.”

“Mwaka muzima nilikuwa naona unamusikiliza yule mwanamuke na macho yako yanatoka kwangu. Unajua mi nilijiambia nini? Nilijiambia labda mi ni mudogo kwako. Sijasoma. Sijui Écosse iko wapi.”

Alisimama. “We ulijiambia ile?”

“Kila Jumamosi.”

“Joselyne, mi nikimusikiliza Mairi nilikuwa namuona Mama anatoka mu chumba. Njo ile tu. Naogopa siku moja nitaweka ule wimbo na atarudi mule ndani, afunge mlango. Nilikuwa namusikiliza kwa woga.”

Sikuwa nimefikiria woga. Nilikuwa nimefikiria kila kitu kingine.

“Ulidhani nitakimbia,” nilisema.

“Batu banakimbiaka.”

“Mi nimekimbia mara moja mu maisha yangu, na ilikuwa juu ya risasi. Juu ya mama ya mutu, sikimbie.”

Alikaa juu ya ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, akafunika uso kwa mikono yenye chaki. Nilikaa karibu naye. Baada ya muda nilimwambia, kwa sababu nilikuwa nimechoka na mambo yanayofichwa:

“Na mi niko na kitu sijakuambia. Napenda Calum.”

“Nani?”

“Muzee Calum. Mwenye kikohozi. Nashona naye kila siku. Ile wimbo yake ya barabara ya mawe, najua yote.”

Gisa aliinua uso. Ulikuwa na alama nyeupe mashavuni. “Unajua maneno?”

“Sijui maneno. Najua pale anapumua.”

Alinitazama muda mrefu, kwa macho ambayo hayakuenda popote. Kisha akasema taratibu, “Mi nampenda Joselyne Niyokwizera,” kama anayetaja jina darasani, nami nikamfuta chaki.

“Papa anakuja kwenu Jumapili,” nilimwambia tuliporudi. “Hakusema ndiyo. Alisema anapanda kuona.”

Jumapili baada ya ibada tulipanda Fizi kwa pikipiki mbili, Baba mbele na mimi na Mama nyuma. Kule juu kuna baridi hata mchana. Nyumba ya Gisa ni ya matofali, vyumba vitatu, bati limeshika kutu pembeni. Baba aliizunguka yote kabla ya kuingia. Aliangalia choo. Aliangalia mahali maji yanapochotwa. Alibonyeza ukuta kwa kidole gumba. Gisa alimfuata nyuma hatua tatu, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri alama.

Bazubagira alituletea chai ya maziwa na viazi. Mzee Isidore alikuwepo, na safari hii alizungumza sana. Baba alikunywa chai yote, akaweka kikombe.

“Sasa,” alisema. “Nataka kusikia huyu mwanamuke aliyenikalisha mpaka saa kumi na nusu.”

Gisa alinitazama. Akachukua simu, akaiunganisha na bafle ndogo ya kutolea sauti iliyokuwa juu ya kabati. Zumari zikaguna, na Baba akakunja uso. Mama akashika mdomo asicheke. Kisha sauti ikasafika, na Mairi akaingia. Niliisikiliza kwa mara ya kwanza bila kuchukia. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyeamka mapema akiwa na kazi ya kufanya. Bazubagira alikuwa amekaa karibu na dirisha, na mikono yake, juu ya magoti, ilikuwa inakwenda kulia na kushoto.

Baba aliiona ile mikono. Hakusema kitu juu yake.

“Profesa,” alisema huku wimbo ukiendelea. “Mama yako aliniambia mambo mingi mu shamba. Sina neno juu ya nyumba yake. Neno yangu iko juu yako. Mi nikivuka na mama yake Alhamisi, huyu mutoto atabaki bila mutu wa damu yake huku. Siku moja atalia juu yetu. Haiko labda, ni lazima. Ile siku utafanya nini?”

Gisa alifikiri.

“Sijui, Papa,” alisema. “Sitaki kukuongopea. Sijui.”

Mzee Isidore akakohoa kwa aibu. Baba akatikisa kichwa polepole, sikuweza kusoma maana yake. Kisha akanigeukia mimi.

“Kesho tutaenda ku bureau ya ile liste, mi na we. Jina yako haifutwe na mutu mwingine. Utaifuta we mwenyewe, na mi niko nakuangalia.”

Nilikuwa nimeomba neno lile kwa Mungu siku nane. Nilipolipata, nililiona lote, upande huu na upande ule. Nilimwona Mama akipanda lori la msafara na sahani zake kwenye kitambaa. Nilimwona Baba akifungua nyumba ambayo mimi sitaijua. Nilitaka kusema asante. Badala yake kilio kilinitoka, kikubwa, cha aibu, mbele ya watu wote, na nikaficha uso kwenye kikwembe changu.

Sikuona, ila nilisikia. Wimbo wa Mairi ulikuwa katikati, pale ambapo sauti inapanda, na ukakatika. Kiti kikasogezwa. Gisa alikuja akaketi kwenye mkeka karibu na miguu yangu, hakunishika, hakusema ninyamaze. Alikaa tu. Bazubagira, ambaye wimbo ule ulikuwa dawa yake, hakuuliza kwa nini mwanawe ameuzima; alisogea akaketi upande wangu mwingine.

Sijui nililia muda gani. Nilipoinua uso, chai ilikuwa imepoa na Baba alikuwa anamtazama Gisa pale chini kwenye mkeka, na suruali yake nzuri ya Jumapili. Kisha akamgeukia Bazubagira na kuvuta kiti chake karibu.

“Mama Gisa,” alisema, “Alhamisi iko karibu sana. Tupange siku.”